Kiranja si mgambo wa mwalimu

"Sisi tuna serikali ya wanafunzi, madaraka tumeshagawana." Kauli hii huisikia sana kwa walimu wenzangu, na ndiyo inayoniuma zaidi. Uchaguzi wenyewe unajulikana: wanafunzi wanachukua fomu, walimu wanachuja majina mpaka wabaki wasiohoji, kura zinapigwa, dada mkuu anaapishwa. Baada ya hapo kazi yake ni kuandika wapiga kelele na kusimamia usafi wa vyoo. Hana analoliamua. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliiandikia UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, yenye vipandio 8. Vitatu vya chini alisema si ushiriki kabisa. Kimojawapo ni mtoto kuwekwa kama pambo. Viranja wetu wengi wapo hapo.

"Kwa hiyo walimu tukae pembeni?" Hapana. Kwenye ngazi hiyohiyo, watoto kujiendeshea mambo wenyewe ni kipandio cha 7. Cha 8, cha juu kabisa, ni watoto kuanzisha jambo na kuliamua pamoja na watu wazima.

"Kuwashirikisha wanafunzi ni hisani ya mkuu wa shule." Si hisani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayomhusu. Kenya, sheria ya elimu ya 2013 inamweka mwakilishi wa baraza la wanafunzi ndani ya bodi ya shule.

"Ukiwapa nafasi, nidhamu itakufa." Shule moja niliyofundisha, manung'uniko ya maharage yalikuwa karibu kuzaa mgomo. Tukawaingiza wanafunzi wawili stoo. Kila jioni maharage yalipimwa kwenye mizani mbele yao, kilo zikaandikwa daftarini, mpishi akasaini na wao wakasaini. Wiki ya tatu walikuja ofisini na hoja: maharage yakilowekwa usiku kucha, kuni zinapungua, basi fedha hiyo inunue mboga za majani. Tulibishana nao karibu saa nzima. Mkuu alikubali nusu, nusu nyingine ikabaki kulipia maji.

Kesho yake paredi, binti wa kidato cha tatu alisimama akawaeleza wenzake kwa nini ni nusu. Walimzomea kidogo. Akafungua daftari, akasoma bili ya maji mstari kwa mstari, kisha akauliza nani ana swali.