Obama wa Springfield: yanayosemwa na yaliyotokea

"Alizuka tu mwaka 2004, hakuna aliyemjua"

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, kuanzia Kogelo hadi vijiwe vya kahawa vya Kariakoo. Ni kweli kwamba Wamarekani wengi walimsikia Barack Obama kwa mara ya kwanza tarehe 27 Julai 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston. Ila usiku ule alikuwa na miaka saba na nusu kwenye siasa za kuchaguliwa. Tangu Januari 1997 alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, linalokutana Springfield, mwendo wa kilomita 300 na ushee kutoka Chicago. Vikao vilipoanza alifunga safari, jioni nyingine akacheza poka na maseneta wenzake, kisha akarudi Chicago kufundisha sheria ya katiba chuo kikuu. Ubunge wa jimbo haukuwa kazi ya mwaka mzima, na wabunge wengi walikuwa na shughuli nyingine ya kuwaingizia riziki.

"Seneta ni seneta, tofauti iko wapi?"

Tofauti ni kubwa, na Mkenya anayemfikiria seneta wake wa kaunti anapotea haraka zaidi, maana seneta huyo anakaa Nairobi. Seneta wa jimbo Marekani hakai Washington. Anatunga sheria za jimbo lake peke yake: kodi za jimbo, shule, polisi, adhabu za makosa ya jinai. Mzanzibari ataelewa upesi akilikumbuka Baraza la Wawakilishi. Seneti ya Illinois ina wajumbe 59, na Obama aliwakilisha eneo la 13, upande wa kusini wa Chicago, pamoja na mtaa wa Hyde Park alikoishi.

Kutokana na mkanganyiko huo limezaliwa dai kwamba alipiga kura kuikataa vita ya Iraq. Hakupiga, kwa sababu hakuwa na kura ya kupiga. Tarehe 2 Oktoba 2002 alisimama kwenye mkutano wa hadhara katikati ya Chicago akaipinga vita hiyo waziwazi, na hotuba ile ikamfaa sana mwaka 2008 aliposhindana na Hillary Clinton, ambaye alikuwa Washington na aliiunga mkono kwa kura yake. Heshima ya msimamo ni yake. Ila kusema na kupiga kura ni mizigo miwili, na yeye aliubeba mmoja.

"Aliingia kwa kupendwa na watu"

Hapa wapenzi wake hukunja uso. Kiti cha eneo la 13 kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamama aliyeheshimika sana Chicago. Mwaka 1995 Palmer aliamua kugombea ubunge wa Washington, na Obama akajitokeza kukitaka kiti anachokiacha, kwa baraka zake Palmer mwenyewe. Mwezi Novemba Palmer akashindwa vibaya na Jesse Jackson Jr., naye akageuka: akasema anakitaka tena kiti chake. Wazee wa siasa wa mtaani wakamsihi kijana ampishe. Kijana akakataa.

Kuingia kwenye mchujo wa chama kulihitaji sahihi 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Palmer, kwa kuwa alichelewa, alizikusanya mbiombio akapeleka zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakaenda ofisi za uchaguzi na kuzipitia karatasi mstari kwa mstari. Huyu hajaandikishwa. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina lake kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi. Wakaweka pingamizi, tena si kwa Palmer pekee, bali kwa wagombea wote wanne waliokuwa wakishindana na Obama. Palmer alipoona sahihi zake hazitatosha akajitoa, na wengine watatu wakaenguliwa. Machi 1996 Obama akapita mchujo bila kupingwa, na katika eneo ambalo Republican hawakuwa na matumaini, uchaguzi wa Novemba ulikuwa kukamilisha ratiba: alipata zaidi ya asilimia 80.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kufafanuliwa uchungu wa mgombea anayeenguliwa kwa kasoro ya fomu. Hata hivyo, yote yalifanyika kwa mujibu wa sheria, na Chicago mbinu hiyo ni ya miaka mingi. Mimi simlaumu kwa kuitumia. Ninachokataa ni ile picha ya malaika aliyeshushwa kutoka juu. Mwanasheria aliyetetea haki ya watu kupiga kura alianza safari yake kwa kuhakikisha kwamba kwenye karatasi ya mchujo kuna jina moja tu.

"Hajawahi kushindwa"

Amewahi, tena kwa kishindo. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington na mwanachama wa zamani wa Black Panther, kundi la wanaharakati Weusi, akidhani amedhoofika kwa kuwa mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa kuwania umeya. Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa, na mji mzima ukamhurumia. Desemba ukaja muswada wa silaha Springfield, na Obama alikuwa Hawaii na binti yake mgonjwa. Akaikosa kura, muswada ukaanguka, magazeti yakamshukia. Mitaani wakamwona msomi wa Harvard asiye mwenzao. Rush akapata asilimia 61, yeye 30. Agosti mwaka huo alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na hata kibali cha kuingia ukumbini hakupata.

"Alikwepa kura ngumu kwa kubonyeza 'nipo'"

Wapinzani wake walilitumia sana hili mwaka 2008. Katika kura zipatazo 4,000, kama 130 alizipiga za "nipo", si ndiyo wala hapana. Kinachosahaulika ni kwamba Illinois muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, wawepo wasiwepo. Kwa hiyo "nipo" inauangusha muswada sawasawa na hapana. Baadhi zilikuwa mkakati uliopangwa na watetezi wa haki ya kutoa mimba. Nyingine, tusidanganyane, zilikuwa za kujikinga na matangazo ya kampeni za baadaye.

"Miaka yote hiyo hakufanya lolote"

Kwa miaka sita ya mwanzo, wengi katika seneti walikuwa Republican, na muswada wa mjumbe wa upande wa pili uliishia kabatini. Mambo yaligeuzwa na ramani. Mwaka 2001 vyama viligongana kuhusu mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na katiba ya Illinois inasema mgogoro huo umalizwe kwa bahati nasibu. Jina likachotwa, likawa la Democratic. Wakachora mipaka upya. Eneo la Obama likanyooshwa kaskazini kando ya ziwa hadi mtaa wa Gold Coast, kwa matajiri waliokuja kumchangia. Januari 2003 Democratic wakashika seneti, na rais mpya wa seneti hiyo, Emil Jones, akaamua kumbeba.

Ndipo sheria zikatoka. Iliyo nzito zaidi iliwalazimu polisi kurekodi mahojiano yote ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetikiswa: wafungwa 13 waliohukumiwa kifo waligundulika kuwa hukumu zao hazikustahili, na gavana George Ryan akasimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo tangu mwaka 2000. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga muswada. Obama akaketi nao, akarekebisha kifungu hiki na kile, mpaka ukapita seneti bila kura moja ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka hilo kwa sheria ya bunge.

Novemba 2004, alipochaguliwa kwenda Washington kwa asilimia 70, aliacha kiti cha eneo la 13. Akateuliwa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye ndiye aliyeusimamia seneti muswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo Illinois, uliosainiwa Machi 2011.