Kaswende na hatua zake: kidonda kikipona, ugonjwa bado upo

Kaswende ni ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum, mwembamba, aliyejisokota kama skrubu. Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann ndio waliomtambua, mjini Berlin, mwaka 1905. Huambukizwa zaidi kwa kujamiiana, iwe ukeni, mdomoni au kwa njia ya haja kubwa, pale mtu anapogusana na kidonda cha mwenye ugonjwa. Mama mjamzito naye humwambukiza mtoto aliye tumboni. Kuchangia choo, kikombe au taulo hakuenezi kaswende, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa nyumbani.

Wengi wanaufahamu kama ugonjwa wa vidonda vya sehemu za siri. Hiyo ni kweli kwa wiki chache za mwanzo tu. Kaswende huenda kwa hatua, na hatari yake kubwa ni kwamba dalili za hatua za mwanzo huondoka zenyewe hata kama mtu hakumeza kidonge kimoja.

Hatua ya kwanza huanza kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kama wiki ya tatu. Hutokea kidonda pale bakteria alipoingilia. Kwa kawaida ni kimoja, cha duara, kingo zake ngumu ukizibonyeza, hakina usaha na hakiumi. Mitoki huweza kuvimba kinenani, nayo haina maumivu makali. Mwanaume mwenye kidonda kwenye uume atakiona. Mwanamke mara nyingi hupatwa ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi, na hawezi kujua lolote. Hali ni hiyohiyo kidonda kikiwa mdomoni au ndani ya njia ya haja kubwa.

Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hufunga. Aliyekunywa mizizi ataisifu mizizi, aliyepaka mafuta atayasifu mafuta, na aliyeamini kwamba amenaswa na tego atasema limeteguliwa. Wote wameona kwa macho yao kidonda kikipona, ndiyo maana ni vigumu kuwashawishi waende kupima. Lakini wakati huo bakteria ameshaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima.

Hatua ya pili hufuata baada ya wiki kadhaa au miezi michache, na hapa ndipo kaswende hufanana na magonjwa mengine mengi. Kuna homa, uchovu, koo kuuma, tezi kuvimba, na mgonjwa hudhani ni malaria au mafua. Hutoka vipele mwilini ambavyo kwa kawaida haviwashi. Alama ya kuitazama kwa makini ni vipele vya viganjani na nyayoni. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama madoa yaliyokolea rangi, mengine yakiwa na magamba membamba yanayobanduka pembeni. Magonjwa ya ngozi yanayopenda viganja na nyayo kwa pamoja si mengi, kwa hiyo mhudumu makini akiona madoa hayo huagiza kipimo cha kaswende. Wengine nywele hunyonyoka kwa mabaka, au huota vinundu bapa vyenye unyevu sehemu za siri, ambavyo watu huvichanganya na masundosundo. Vinundu hivyo vimejaa bakteria na huambukiza kwa urahisi sana.

Dalili hizi nazo hutoweka. Kinachofuata ni hatua fiche: mtu hana kidonda, hana kipele, hana homa, na ni kipimo cha damu pekee kinachoweza kusema kwamba anaumwa. Shirika la Afya Duniani huigawa mara mbili, ya mapema ikiwa haijapita miaka 2 tangu kuambukizwa, na ya muda mrefu baada ya hapo. Katika hatua fiche ya mapema dalili zinaweza kurudi na mtu akaambukiza wengine. Baadaye uwezekano wa kuambukiza kwa kujamiiana hupungua sana, ila mjamzito bado anaweza kumwambukiza mtoto.

Siwezi kuieleza hatua hii bila kuwataja wanaume weusi wa Tuskegee, jimbo la Alabama. Kuanzia mwaka 1932 idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume 399 wenye kaswende, wengi wao maskini, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Katika miaka ya 1940 ikajulikana kwamba penisilini inaiponya kaswende, lakini hawakupewa. Utafiti huo uliendelea hadi 1972 ulipofichuliwa na vyombo vya habari. Ulikuwa ukatili mtupu, na uliwezekana kwa sababu mtu mwenye kaswende fiche anaweza kulima, kuoa na kuzaa miaka na miaka pasipo mwili kumpa taarifa.

Wasiotibiwa, baadhi yao hufika hatua ya tatu, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 30. Huota uvimbe unaokula ngozi na mifupa, au mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo hulegea na kutanuka. Ubongo na uti wa mgongo pia hushambuliwa, mgonjwa akapoteza kumbukumbu, akabadilika tabia au akashindwa kutembea sawasawa. Ila kwa mfumo wa fahamu, macho na masikio si lazima kungoja miaka yote hiyo. Vinaweza kudhurika katika hatua yoyote.

Kaswende ya kuzaliwa nayo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa inazuilika. Bakteria hupita kwenye kondo la nyuma. Mimba huweza kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu au kabla ya wakati, na anayezaliwa hai anaweza kuonekana mzima kisha akaja kupata matatizo ya mifupa, meno, macho au kusikia. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, asilimia 25 walizaa watoto wafu, ilhali kwa wasio na ugonjwa ilikuwa asilimia 1. Waliopimwa na kuchomwa sindano moja walijifungua salama sawa na wenzao wasio na ugonjwa.

Ndiyo sababu mjamzito akienda kliniki hutobolewa kidole, na tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka, mara nyingi kile kinachoangalia VVU na kaswende kwa pamoja. Majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi.

Dawa ni benzathini penisilini, uniti milioni 2.4. Ni sindano nzito, nyeupe kama maziwa, huchomwa kwenye msuli wa tako na huuma kweli. Uzito huo una kazi: bakteria huyu huzaliana polepole, mara moja kwa takriban saa 30, hivyo dawa inatakiwa kubaki kwenye damu kwa siku nyingi. Kwa kaswende ya mapema inatosha dozi moja. Ile ya muda mrefu huhitaji tatu, moja kila wiki. Ikishafika kwenye ubongo, mgonjwa hutundikiwa penisilini kwenye mshipa kwa siku 10 hadi 14. Saa chache baada ya sindano ya kwanza homa na maumivu ya mwili huweza kupanda, kisha hutulia ndani ya siku moja.

Kipimo cha haraka kwa kawaida hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kuangalia kama dawa imefanya kazi. Kinachotumika ni kipimo kingine cha damu, RPR, ambacho hutoa kiwango cha kingamwili: namba ya pili ikiwa kubwa, kiwango ni kikubwa. Kikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8 au chini yake katika miezi inayofuata, tiba imefaulu. Kikipanda tena vivyo hivyo, mara nyingi maana yake ni maambukizi mapya, kwa sababu kuugua kaswende hakumpi mtu kinga ya kudumu. Swali la kwanza hapo ni kama mwenza wake alichomwa sindano.