Sandwichi ya mayai ya Kijapani na hesabu ya maji

Kila nikifundisha sandwichi hii, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, nisipoipata ile mayonezi ya Kijapani nifanyeje?" Mayonezi tutaifikia. Kinachoharibu sandwichi za watu wengi ni maji. Kuna vitu vitatu tu hapa, yaani mkate, yai na mayonezi, na kila kimoja kina maji yanayotafuta pa kwenda. Usipoyawekea utaratibu, mkate unalowa katikati na kukauka pembeni, na yai linakuponyoka kwa upande wa pili mara tu unapong'ata.

Kwa ambao hawajaionja: Wajapani huiita tamago sando. Ni slesi mbili za mkate mweupe laini uliokatwa maganda, katikati yai la kuchemsha lililopondwa na mayonezi. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna pilipili hoho. Utaikuta kwenye maduka madogo yasiyofungwa usiku wala mchana, ambayo Japani yako kila mtaa. 7-Eleven ilifungua duka lake la kwanza nchini humo Toyosu, Tokyo, mwaka 1974, na Lawson ikafuata mwaka 1975 mkoani Osaka. Marehemu Anthony Bourdain, mpishi wa Marekani aliyezunguka dunia akila, aliisifu sana ile ya Lawson. Kisha ikaja Olimpiki ya Tokyo ya 2021: waandishi wa habari wa kigeni walibanwa na masharti ya Korona wasiende migahawani, wakawa wanakula madukani humo na kuposti picha za sandwichi ya mayai. Tangu hapo ndipo maswali yalipoanza kunijia kwa wingi.

Tuanze na yai, maana hapo ndipo penye kazi.

Ute na kiini haviivi kwenye joto moja. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 za Selsiasi hivi na kushikana karibu na 70. Ute huanza kuganda mapema kidogo, lakini protini yake kubwa haishikani sawasawa mpaka ufike nyuzi 80. Ukiendelea kuchemsha baada ya hapo, protini zinajikaza na kukamua maji zilizokuwa zimeyashika. Ute unakuwa kama raba, na maji yale utayakuta chini ya bakuli nusu saa baadaye. Dalili nyingine ya yai lililopitiliza ni duara la kijani kuzunguka kiini: salfa inayotoka kwenye ute imekutana na madini ya chuma ya kiini. Halidhuru, ila lina harufu, na katika sandwichi isiyo na kiungo cha kuificha harufu hiyo inasikika.

Mimi huchemsha maji kwanza, ndipo naingiza mayai polepole kwa kijiko. Kwa mayai ya wastani ambayo hayakutoka kwenye friji, dakika 10 zinatosha ukiwa Dar, Mombasa au Unguja. Ukiwa Nairobi, weka 11 au 12. Huko juu hewa ni nyepesi na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo hata sufuria ikitokota vipi, joto ni dogo zaidi. Watu wa Mbeya nao wahesabu hivyo hivyo. Dakika zikitimia, hamishia mayai kwenye maji ya barafu na uyaache mpaka yapoe kabisa, maana yai lililotolewa jikoni linaendelea kujipika lenyewe kwa ndani.

Yai linalogandia ganda mara nyingi ni yai jipya mno. Kadiri siku zinavyopita, hewa ya kaboni inatoka kupitia vitundu vya ganda, ute unazidi kuwa wa alkali, yaani kinyume cha asidi, na ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda inaachia kirahisi. Kwa hiyo trei uliyoinunua wiki iliyopita ndiyo ya kuchemsha, na ya leo asubuhi ikaangwe. Kuingiza yai kwenye maji yanayochemka badala ya kuanza na maji baridi nako kunasaidia sana.

Na ile rangi? Viini vya Japani vinakaribia rangi ya chungwa kwa sababu kuku hulishwa chakula chenye rangi asilia, hasa ya paprika na ya maua ya marigoldi. Kuku wetu wa kisasa wanakula mahindi meupe, ambayo hayana rangi ya kutoa, ndiyo maana kiini kinatoka hafifu. Kuku wa kienyeji anayeokota majani anakupa kiini cha njano bila kuombwa. Kwenye ladha tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nimeona wanaotia manjano kidogo ili picha ipendeze. Msifanye hivyo tafadhali, harufu ya manjano kila pua ya Mswahili inaijua.

Sasa kuchanganya. Menya mayai 5, yafute maji kwa kitambaa safi, yapasue na utenge viini na ute. Viini vyote 5 vitaingia, ute tumia wa mayai 4 tu, ule mmoja ule mwenyewe hapo hapo. Ponda viini kwa uma pamoja na vijiko 3 vya mezani vya mayonezi, robo kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha sukari na pilipili manga nyeupe kidogo. Ponda mpaka usione chembe. Ikiwa nzito sana, ongeza kijiko kimoja cha maziwa. Unatafuta urojo mzito unaosimama kwenye uma bila kudondoka.

Ute ukate kwa kisu, usiupitishe kwenye blenda wala kwenye grata. Nusu yake iwe midogo kama punje za mchele, nusu nyingine vipande vya sentimita moja hivi, ili ulimi ukutane na kitu. Uchanganye na urojo wa viini mwishoni kabisa, ukipindua kwa mwiko mara chache. Angalia kwamba chumvi yote iko kwenye viini. Hiyo ni makusudi: chumvi inavuta maji, na ukiinyunyiza moja kwa moja kwenye ute uliokatwakatwa, unauamuru utoe maji. Mafuta ya viini na mayonezi yakitangulia kuubeba, ute unatulia.

Ndiyo, mayonezi. Ile ya Kijapani mnayoniulizia, Kewpie, imeuzwa Japani tangu 1925, ilipoanzishwa na Toichiro Nakashima, na inatengenezwa kwa viini peke yake. Mayonezi nyingi nyingine hutumia yai zima, na za bei ya chini huongezewa maji na wanga wa kuzitia uzito. Soma kibandiko. Ukiona maji yametajwa mwanzoni na wanga unafuata, hiyo ni ya chipsi, iache kwa kazi yake. Kiini cha tano nilichokuambia uongeze ndicho kinachoziba pengo. Tone la siki na ajinomoto ya kushika kwa ncha za vidole viwili vinamalizia. Najua wapo wanaoiogopa ajinomoto. Ni chumvi ya glutamati, ambayo Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani wa supu mwaka 1908 huko Tokyo, na glutamati iyo hiyo imo kwenye nyanya iliyoiva kabisa. Usipoitaka, iache, sandwichi haitakufa.

Sikushauri utengeneze mayonezi ya viini vibichi. Mayai ya Japani huoshwa na kusafishwa kwa dawa kabla ya kwenda dukani, na tarehe iliyoandikwa juu yake huhesabiwa kwa mtu atakayeyala mabichi. Yetu hayapiti utaratibu huo.

Mkate ndio unaowatoa watu machozi. Wa Kijapani, uitwao shokupan, una maziwa, siagi na sukari kidogo, na waokaji wengi huanza kwa kupika sehemu ya unga kwa maji yanayochemka. Wanga wa ngano ukikutana na maji ya moto unavimba na kuyashika, hivyo unga unaweza kubeba maji mengi bila kunata mikononi, na mkate unabaki laini hadi kesho yake. Kama umewahi kukanda chapati kwa maji ya moto ili zisikakamae, mbinu hii unaijua tayari.

Kwa mkate mmoja: chukua gramu 60 za unga wa ngano, mwagia gramu 60 za maji yanayochemka, koroga kwa mwiko liwe donge, funika, weka kwenye friji usiku mmoja. Kesho yake lichanechane donge hilo ndani ya gramu 240 za unga, maziwa ya vuguvugu mililita 150, sukari gramu 25, chumvi gramu 5 na hamira ya chenga gramu 4. Kanda kwa dakika kumi, ndipo utie siagi gramu 25, ukande tena mpaka kipande ukikivuta kinakuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika. Hapa usiwe na haraka. Unga ukiwa na protini ndogo utando huo hautapatikana, kwa hiyo tafuta unga wa mkate, ule wa keki hautafaa. Acha uumuke mara mbili, mara ya pili ukiwa ndani ya tini, kisha oka kwa nyuzi 190 kwa dakika 30 hadi 35. Tini yenye mfuniko inakupa mkate wa mraba. Usikate mpaka upoe kabisa.

Huna oveni? Nunua mkate wa maziwa wa leo, ambao haujakatwa, na ukate slesi za sentimita moja na nusu. Slesi nyembamba za kiwandani hazihimili uzito wa mayai.

Paka siagi laini slesi zote mbili, mpaka ukingoni. Siagi ni mafuta, na maji hayapiti kwenye mafuta. Rundika yai katikati liwe kilima na pembeni liwe jembamba, kwa sababu ukifunika litasambaa lenyewe. Funga kwa karatasi au plastiki ya jikoni, weka sahani juu, iingie kwenye friji dakika 20. Kisha kata maganda, ndipo ukate katikati. Kisu kiwe cha meno, ukifute kila baada ya kukata, na uvute kwa kwenda na kurudi bila kukandamiza. Ukikandamiza, kile kilima kinahamia kwenye kisu.

Huko Kansai, yaani upande wa Osaka na Kyoto, utakuta pia ile ya yai la kukaanga: kimanda kinene kilichotiwa supu ya dashi, kinawekwa kikiwa bado cha moto. Ni tamu sana, lakini ni somo lake peke yake.

Sandwichi hii ibaki kwenye friji mpaka wakati wa kuliwa. Kwa joto la pwani usiiache nje zaidi ya saa moja, na kwenye mkoba wa shule usiiweke bila barafu. Iishe siku hiyohiyo.

Maganda ya mkate yakaange kwenye mafuta mpaka yawe ya kahawia, uyapake sukari yakiwa bado ya moto. Wajapani nao hufanya hivyo, na watoto hawataulizia sandwichi tena.