Watu 23 wa Kisumu Hawajaibwa

Ule ujumbe umerudi kwenye makundi ya WhatsApp. Safari hii una mchoro wa rangi na mshale mwekundu: wanaume 560,942, wanawake 594,609, jumla 1,155,574. Halafu swali kwa herufi kubwa: WATU 23 WA KISUMU WAMEENDA WAPI? Chini yake mmoja anasema sensa ya 2019 ilipikwa, mwingine anasema data yote iko kwenye seva, ni vile wakubwa hawataki tuione.

Hesabu iko sawa. Ni 23 kweli. Ni huntha 23, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, waliohesabiwa Kisumu, na wako kwenye jedwali lile lile, kwenye safu ambayo mchora picha ameikata. Siaya ni 18, Vihiga 12, Nakuru 95. Nchi nzima ni 1,524. Wajumlishe na wanaume 23,548,056 na wanawake 24,014,716 utapata 47,564,296, habaki hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza sensa ya Kenya kuwahesabu, na shukrani yao ni kuitwa namba zilizopikwa kila baada ya miezi michache.

Jibu hili halimtoshi mtu, kwa sababu nyuma yake kuna imani nyingine ngumu kung'oa: kwamba vishikwambi, zile kompyuta bapa za makarani, vilishatuma kila kitu, kwa hiyo kuchapisha ni kupakia faili tu, na kisichoonekana kwenye tovuti kimefichwa kwa hila. Mimi naona kinyume. Kilichofichwa, kwa sehemu kubwa, kimefichwa kwa haki. Kilichoonyeshwa ndicho kimeonyeshwa vibaya, na hapo silisikii kundi likilalamika.

Tumalize la kasi kwanza. Usiku wa sensa ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, makarani wakazunguka hadi tarehe 31, matokeo ya kwanza yakatoka 4 Novemba. Wiki kumi. Sensa ya 2009, iliyofanywa kwa makaratasi, matokeo yake yalitoka 31 Agosti 2010, mwaka mzima baadaye. Na wiki kumi zile zina kazi. Mtandao ukikatika katikati, kaya moja inaweza kutumwa mara mbili. Kishikwambi kingine kinabaki na rekodi ambazo hazijatoka. Karani anafungua msimbo wa eneo la jirani na kumimina kaya zake huko. Lazima pacha ziondolewe, kila eneo lilinganishwe na ramani iliyochorwa kabla ya sensa, na mama mwenye miaka 9 achunguzwe. Mwaka 2009 ukaguzi wa namna hii ndio uliofanya takwimu za wilaya 8 za kaskazini zitiliwe shaka hadharani, na kesi zikafuata. Ukipakia namba usiku ule ule utakuwa umepakia takataka zenye nembo ya serikali.

Sasa kwenye kufichwa. Kwenye seva kuna rekodi: mstari mmoja kwa kila mtu, wenye umri, jinsia, kabila, dini, elimu, kazi, ulemavu, na mstari wa kaya wenye ukuta, paa, choo na maji. Kwenye tovuti kuna majedwali. Rekodi haziwekwi hadharani, na Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza kutoa habari inayomtambulisha aliyeitoa. Hadi hapo kila mtu anaitikia. Kisha anauliza: "Basi ondoeni majina, mtupe zilizobaki."

Kuondoa majina hakusaidii kitu. Nchini Marekani, Latanya Sweeney alikadiria kwa kutumia takwimu za sensa ya 1990 kwamba asilimia 87 ya watu wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Mwingine alirudia hesabu hiyo akapata kama asilimia 63. Chagua utakayo. Huku kwetu usihangaike hata na msimbo wa posta. Mwambie mtu yeyote wa Emuhaya, Vihiga, kwamba kwenye sablokesheni fulani (eneo dogo kabisa la utawala kwenye majedwali ya sensa) kuna mjane wa miaka 71 mwenye shahada ya uzamili na nyumba ya vigae, naye atakuonyesha lango.

Hata jedwali lenyewe, lisilo na rekodi ya mtu, linaweza kumchongea mtu kwa kutoa tu. Tuseme sablokesheni ina watu 2,412. Jedwali linaonyesha wanaume 1,180 na wanawake 1,231. Limebaki 1. Hukuandika neno huntha popote, lakini umemwonyesha kijiji kizima kwamba kuna mmoja. Ongeza jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja, lenye jumla na jinsia mbili, na sasa umesema ana miaka 16. Ndiyo maana kwenye majedwali ya umri ya 2019 huntha hawakugawanywa, na maelezo chini ya jedwali yanasema kwamba idadi yao ni ndogo mno kugawanywa kwa umri. Kuyasoma ni sekunde nne. Kuchora mshale mwekundu ni dakika ishirini.

Dawa ya kawaida ni kuficha kisanduku kidogo, yaani nafasi ya jedwali yenye watu wachache mno. Wengine huweka kikomo cha 3, wengine 5, wengine 10. Kikomo kipi ni sahihi? Hakuna. Ni mapatano ya watu waliochoka mkutanoni. Na ukificha kisanduku kimoja hujafanya kazi, maana jumla ya mstari inakifichua. Ficha cha pili kwenye mstari huo. Sasa jumla za safu zinavifichua vyote viwili. Ficha viwili vingine kwenye mstari mwingine. Kwa kisanduku kimoja chenye watu 2 umefunika vinne, na vile vitatu visivyo na hatia ndivyo utakavyopigiwa simu kuulizwa serikali inaficha nini.

Njia nyingine ni kusogeza kila namba hadi kizidishio cha 5 kilicho karibu nayo. Vijiji vitatu vyenye watu 13 kila kimoja vinakuwa 15, 15 na 15. Jumla halisi, 39, inakuwa 40. Anayejumlisha anapata 45. Utamweleza nini huyo mwenye mshale? Marekani mwaka 2020 walienda mbali zaidi, wakachanganya kelele ya makusudi, yaani makosa madogo ya kubahatisha, kwenye namba za maeneo madogo huku jumla za majimbo zikiachwa zilivyo. Yakapatikana maeneo yaliyo na watoto bila mtu mzima hata mmoja. Wataalamu wao walizozana kwa miaka kuhusu jambo hilo.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo ya kulinda siri za takwimu hulipitia haraka, nami halinipi usingizi mzuri. Vitabu vinamwazia mshambuliaji, yule anayetaka kuchimbua siri za watu, kama mgeni mwenye kompyuta, ilhali wa kwetu ni jirani. Vihiga ina watu kama 1,047 kwa kilomita ya mraba, na huo msongamano haumfichi mtu. Wanaoishi karibu ndio wanaojuana. Jirani hahitaji jedwali limwambie wewe ni nani. Anachotaka ni kujua ulimwambia nini karani. Na hapo sheria ya visanduku vidogo haina meno, kwa sababu siri hutoka hata kwenye kisanduku kikubwa: ikiwa vijana wote 64 wa rika fulani wameangukia "hana kazi" na visanduku vingine vyote ni sifuri, nimejua habari ya kila mmoja wao bila kuona namba ndogo. Sifuri ndiyo inayosema. Sijaona kikomo kinachozuia hilo bila kuua jedwali lote.

Anayehitaji rekodi kweli kwa utafiti ana njia. Kuna sampuli zilizoondolewa utambulisho. Ya sensa ya 2009 kwenye IPUMS, hifadhi ya kimataifa ya data za sensa, ni ya asilimia 10. Sampuli inasaidia kwa sababu hata ukimwona unayedhani ni mtu wako, huwezi kuapa kwamba aliangukia ndani. Lakini usiitumie kusema jambo kuhusu sablokesheni. Haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Basi tuje kwenye malalamiko ninayoyataka. Juzuu za ripoti ya sensa ya 2019 zilitoka kama PDF. Julai 2011 nchi hii ilizindua tovuti ya data huria yenye majedwali ya sensa ya 2009 ambayo kompyuta iliweza kuyasoma, kisha miaka minane baadaye tunapewa kurasa za kuchapisha. Kuchomoa jedwali kwenye PDF ni kama kuchambua omena iliyoanikwa mchangani: utakula, lakini utasikia mchanga. Watumiaji wa R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, walilazimika kutengeneziwa kifurushi kizima, rKenyaCensus, ili wasirudie kazi hiyo kila mtu kwake.

Ukilazimika kuchomoa mwenyewe, tumia Tabula, programu ya kutoa majedwali kwenye PDF. Jedwali lenye mistari ya gridi lifungue kwa hali ya gridi. Lisilo nayo kwa hali ya nafasi, na uweke mipaka ya safu kwa mkono, la sivyo "Kisumu" na "West" zitaenda safu mbili tofauti. Futa vichwa vinavyojirudia kila ukurasa. Ondoa koma kabla ya kugeuza maandishi kuwa namba, maana Excel ikiiona 1,155,574 kama maandishi itaijumlisha kuwa sifuri bila kukuambia. Amua mapema kistari kinamaanisha sifuri au hakuna data, na uandike uamuzi huo.

Halafu mtego mkubwa uko kwenye juzuu ya maeneo ya utawala. Kaunti, kaunti ndogo, lokesheni na sablokesheni zimo kwenye safu moja, zikifuatana kwenda chini. Ukijumlisha safu hiyo, kila mtu anahesabiwa mara moja kwa kila ngazi, na Kisumu inakuwa na watu milioni nne na ushee. Usichuje kwa jina, kwa sababu lokesheni na sablokesheni hushiriki jina mara nyingi. Tengeneza safu ya ngazi, jaza, kisha hakiki: sablokesheni zijumlishwe zifike lokesheni, lokesheni zifike kaunti ndogo. Si karibu. Zifike hadi mtu wa mwisho. Zikikosa kwa mmoja, kuna mstari uliopotea kwenye mpito wa ukurasa.

Kwa kuunganisha na takwimu nyingine tumia msimbo, si jina. Murang'a ina alama ya ritifaa (') ambayo kila programu huiandika kivyake, na Elgeyo/Marakwet ina mkwaju (/) ambao mwingine ataufanya kistari. Msimbo hauna ubishi: Nakuru 32, Kakamega 37, Kisumu 42. Ila uhifadhi kama maandishi, au 001 ya Mombasa itageuka 1.

Faili ninayoitaka si ngumu: CSV ya UTF-8 (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ambayo programu yoyote huyasoma), mstari mmoja kwa kila eneo, msimbo wake, msimbo wa eneo linalolibeba, ngazi, jina, namba. Kando yake faili fupi ya maelezo inayosema safu ipi inajumuisha nani, tarehe ya toleo, na orodha ya masahihisho. Kubadilisha faili kimyakimya chini ya kiungo kile kile ni kosa kubwa kuliko kosa lililokuwa likisahihishwa. Na iwe faili tuli, ya kupakua tu bila seva kuitengeneza upya kila mara, iliyogawanywa kwa kaunti, ili mtu wa Usenge asimalize bando kwa ajili ya sablokesheni moja. Waingereza walipofungua sensa yao ya 1901 mtandaoni Januari 2002, tovuti ililemewa ndani ya siku chache ikafungwa kwa miezi.

Jingine la haraka: sensa yetu humhesabu mtu alikolala usiku ule, si kwao. Tarehe 24 Agosti 2019 ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ya Agosti huku magharibi ni siku ya mazishi. Wangapi walilala Siaya ilhali wanaishi Nakuru? Majedwali hayawezi kukutolea namba hiyo, kwa hiyo usijenge hoja juu yake upande wowote.

Na mipaka. Kaunti ndogo za sensa ni za utawala, si maeneo bunge. Nakuru hutaliona eneo bunge la Bahati kwenye orodha; tafuta Nakuru North. Kakamega ina kaunti ndogo 13 lakini maeneo bunge 12: Malava ni Kakamega North, Shinyalu ni Kakamega East, Ikolomani ni Kakamega South, na Matete, ambayo sensa imeitenga, haina mbunge wake kwa kuwa iko ndani ya Lugari. Wadi ndizo balaa zaidi, maana sensa hushuka hadi sablokesheni, na sablokesheni moja inaweza kukatwa na wadi mbili. Watu huigawanya kwa ukubwa wa eneo. Usifanye hivyo penye msitu wa Kakamega, mashamba ya miwa ya Muhoroni au ziwa, ambako nusu ya ardhi haina hata kibanda. Hesabu majengo kwenye picha za setilaiti, gawa kwa uwiano huo, na uandike "makadirio" kwenye kichwa cha safu yenyewe, pamoja na mwaka wa picha ulizotumia.