Sensa inahesabu Agosti, korosho zinaanguka Oktoba

Mimi kazi yangu ni utafiti wa maeneo. Nikisema hivyo watu wa huku Mtwara wanadhani napima viwanja, hapana, hao ni wapima ardhi. Mimi naangalia watu wanaishi wapi, wanatoka saa ngapi, wanafata huduma wapi na kwa nini wanapita hapa wakaacha pale, alafu majibu nayapeleka kwa afisa mipango wa halmashauri au kwa watu wa mipango miji kabla bajeti haijafungwa, maana ikishafungwa hata ulie machozi hamna kitu.

Chukua namba ya kawaida tu. Sensa ya 2022 Lindi ina watu 1,194,028 kwenye zaidi ya kilomita za mraba 66,000, gawanya unapata kama watu 18 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mtwara ina watu 1,634,947 kwenye eneo dogo sana kuliko hilo, inakuja kama 98. Sasa mtu aliyekaa mbali anasoma 18 anasema Lindi hamna watu, huduma zitakuwa ghali, tuweke kwingine. Lakini hiyo 18 haipo popote! Liwale kule ni msitu na hifadhi kwa sehemu kubwa, watu wenyewe wamebanana pwani na kandokando ya barabara, ukienda Mingoyo siku ya soko ndo utajua. Wastani wa mkoa unaficha watu, na mimi nikiona ripoti imeanza na wastani na ikaishia hapo hapo nakuwa na mashaka nayo.

Jambo la pili ni mipaka. Lindi na Mtwara zilikuwa mkoa mmoja mpaka 1971, mstari ukachorwa, ila maisha ya watu hayakukatika kwa mstari. Nishakaa stendi ya Nachingwea siku tatu nauliza abiria swali moja tu, unaenda wapi na kufanya nini. Nachingwea ni Lindi, lakini wengi niliowauliza walikuwa wanaenda Masasi, ambako ni Mtwara, maana ni kama kilomita 45 tu na ukishafika Masasi hata nusu ya njia ya kwenda Lindi mjini ungekuwa hujamaliza. Mama mmoja alikuwa anampeleka mjukuu hospitali Ndanda, nayo iko Mtwara, akaniambia "mwanangu, mtoto akiwaka homa usiku sisi hatuulizi mkoa." Ile sentensi niliipeleka kikaoni kama ilivyo. Kwa sababu kama dawa zinagawiwa kwa kuangalia watu wa wilaya ile tu, wale wanaovuka kutoka upande wa pili hawamo kwenye hesabu, dawa zinaisha mapema na lawama anabeba nesi.

Wenzetu Ulaya wana programu inaitwa ESPON, ipo tangu 2002, inafanya utafiti wa hivi kwa ajili ya watunga sera. Kule Luxembourg zaidi ya watu laki 2 wanaingia kazini wakitokea Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, jioni wanarudi kwao, kwa hiyo ukipanga treni kwa kuhesabu wanaolala Luxembourg tu umepotea. Nachingwea na Masasi ni jambo hilo hilo, tofauti ni kwamba huku kwetu hakuna aliyehesabu.

Na hapa ndo penye kitu kinachoninyima usingizi. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Korosho Newala, Tandahimba na Masasi zinapamba moto kuanzia Oktoba, minada inaanza, hela zinaingia, vibarua wa kuokota wanakuja, wachuuzi wanakuja, waliokuwa Dar wanarudi kuangalia mashamba ya wazee, bodaboda zinaongezeka, nyumba za wageni zinajaa. Kwa hiyo maji ya Newala, ambayo huko juu ya uwanda yanasumbua hata siku za kawaida, yanapangiwa watu wa Agosti alafu yanakuja kunywewa na watu wa Novemba. Sensa haina kosa, imefanya kazi yake vizuri, ila mpangaji anatakiwa awe na namba mbili, ya wakazi wa mwaka mzima na ya msimu.

Kuchunguza kwanza kabla ya kupanga sio anasa. Nachingwea hiyo hiyo ndo Waingereza walileta mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakaleta na reli na bandari hapa Mtwara, udongo na mvua hawakuvichunguza vya kutosha, 1951 mradi ukafa na reli baadae ikang'olewa.

Sasa hivi naomba halmashauri zinipe vitu viwili tu: rejista za zahanati zilizoandikwa kijiji anachotoka mgonjwa, na mauzo ya maji kwa kila mwezi. Vyote vipo, viko kwenye madaftari. Mnada wa kwanza ukitangazwa nitakuwa Newala na vijana wanne, tunahesabu ndoo kwenye magati ya maji kuanzia saa kumi na moja alfajiri.