Henry Ford Hakubuni Gari

Vijana wapya wakiingia karakanani huwa nawauliza gari la petroli lilibuniwa na nani. Jibu ni lilelile: Henry Ford. Juzi nimelikuta hata kwenye andiko la mtu anayejiita fundi mkuu, na uvumilivu umeniishia.

Ford aliendesha kigari chake cha kwanza Detroit, Juni 1896. Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, alikuwa ameshaomba hataza (haki ya kisheria ya ubunifu) ya gari lake tarehe 29 Januari 1886, miaka 10 kabla, na tayari alikuwa anauza magari. Sifa ya Ford ni Model T ya 1908, na mstari wa kuunganisha magari wa 1913 ulioshusha kazi ya chasisi kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Ni sifa kubwa sana, ila ni ya uzalishaji.

Wapo wanaosahihisha kosa hilo kwa kosa lingine, eti Benz alibuni injini. Hapana. Mbunifu Étienne Lenoir wa Paris alikuwa na injini ya gesi mwaka 1860, dhaifu kwa sababu haikubana mchanganyiko kabla ya kuuwasha. Mjerumani Nikolaus Otto akaleta ya mipigo minne (kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa) 1876, nzito, ya kufungwa sakafuni kiwandani.

Alichofanya Benz kinaonekana ukilichungulia gari lake kwa nyuma. Silinda moja imelazwa, 954 cc, nguvu haifiki farasi mmoja. Mkanda unapeleka mzunguko kwenye shafti yenye difu (inayoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti), kisha cheni mbili zinavuta magurudumu ya nyuma. Moto unatoka kwenye koili na plagi. Rejeta hakuna, maji yanachemka, yanapotea kwa mvuke, unaongeza njiani. Mbele kuna gurudumu moja tu, kwa kuwa usukani wa magurudumu mawili ulikuwa bado haujamridhisha. Vyote hivyo vilichorwa viwe mashine moja. Wahandisi Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, kule Cannstatt, Ujerumani, mwaka huohuo wa 1886 walifunga injini yao kwenye kigari cha farasi kilichonunuliwa kikiwa tayari. Hiyo tofauti watu huiruka, nami siwezi kuiruka: injini juu ya kigari cha farasi bado ni kigari cha farasi.

Hata hivyo, injini ya Daimler ilikuwa nyepesi na yenye mizunguko mingi kuliko ya Benz, na ndiyo Panhard na Levassor wa Ufaransa waliyoijengea magari yao, wakaihamishia mbele mwaka 1891. Kwa hiyo ukiniuliza gari la leo limerithi zaidi kwa nani, nasita.

Nasita pia kwa Siegfried Marcus wa Vienna. Alikuwa na mkokoteni wa injini ya petroli karibu 1870. Gari lake la pili lilidaiwa kuwa la 1875, uchunguzi ukaonyesha ni la 1888 au 1889. Lakini mwaka 1940 serikali ya Wanazi iliagiza kamusi elezo ziwataje Daimler na Benz kuwa wabunifu wa gari badala ya Marcus, kwa sababu alikuwa Myahudi. Orodha ya "wa kwanza" iliyowahi kuchezewa hivyo sikubali kuikariri tu.

Na Bertha Benz je? Agosti 1888 alitoka Mannheim hadi Pforzheim kwa gari la mumewe, Karl, kama kilomita 100, na wanawe wawili, bila kumuaga. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa, Wiesloch. Breki zilipolika, fundi viatu akazipigilia ngozi. Huo ndio ulikuwa mtihani halisi wa barabarani.

Ford mwenyewe, aliposhtakiwa kwa hataza ya gari ya Mmarekani George Selden, alishinda rufaa mwaka 1911 kwa hoja moja: injini za magari yake zilikuwa za aina ya Otto, si ya aina iliyokingwa na hataza hiyo.