Eti kipilipili si cha ofisini? Dhana zinazonichosha pale saluni

Jamani leo naomba niyatoe yote. Dada anaingia Jumamosi mchana, kaitwa intavyu Jumatatu, ya benki au ya mapokezi hotelini, nywele zake za asili zimejaa vizuri tu, anakaa kwenye kiti ananiambia "dada niwekee dawa ya kunyoosha bwana, nataka nionekane nadhifu."

Nadhifu! Hiyo ndo inanikera kuliko zote. Nywele zikioshwa, zikachanwa, hazina mba na zimebanwa vizuri ni nadhifu, ziwe zimenyooka ziwe zimejikunja. Mbona naona watu wana dawa ya miezi minne iliyopita, mizizi imevimba huku ncha zimebaki kama nyuzi za katani, na mwenyewe anaamini yuko smati kisa zinalala. Tangazo la kazi likisema "muonekano nadhifu" wewe unajisomea "zinyooke".

Sisemi presha haipo, ipo sana, nina wateja wameambiwa na mabosi zao "kesho njoo umefanya kitu hapo kichwani". Ila haijatokana na usafi hiyo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, mawigi wakayaweka kundi moja na minisketi na vipodozi vya kujichubua, yote marufuku, ukivaa wigi unaiga wazungu. Leo asiyevaa wigi ndo anaulizwa mbona hujajiandaa. Kila zama wana la kumwambia mwanamke kuhusu kichwa chake.

Na msiniambie "Marekani wenzetu wako huru", nani kawaambia? Chastity Jones kule Alabama mwaka 2010 alishapewa kazi ya kastama kea, akaambiwa akate dredi, akakataa, kazi ikayeyuka. Kesi iliyofunguliwa kwa niaba yake ilifika mahakama ya rufaa na 2016 ikashindwa, majaji wakasema dredi ni mtindo, mtu anaweza kuubadilisha, kwa hiyo si ubaguzi wa rangi. Ilibidi California watunge sheria ya kukataza ubaguzi wa nywele kabisa, CROWN Act, mwaka 2019. Kwetu Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, jinsia na mengine kibao, nywele haijatajwa. Ndo maana nawaambia bosi akisema badilisha, muombe kwa adabu akuonyeshe ilipoandikwa kwenye kanuni za kazi, kabla hujaja kuniunguzia mikono bure.

Ya intavyu ni rahisi mbona. Jumamosi osha, tia mafuta kidogo, gawa mafungu, zungushia uzi mweusi kutoka shinani mpaka nchani ukivuta taratibu, acha mpaka Jumapili jioni. Ukifungua zimerefuka bila moto wala dawa, unazibana nyuma kwa chini, kwisha. Uzi wenyewe haufiki bei ya soda lakini watu hawautaki, eti ni wa kishamba.

Haya mengine haraka haraka.

"Vumilia, ikiwasha ndo inashika." Inakuunguza mdogo wangu. Dawa nyingi zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni, na zile za watoto zina kemikali nyingine ila ukali haupishani sana. Kama jana umejikuna kichwa mimi sikuwekei, nenda kwa mwingine. Halafu mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 walitoa majibu kwamba waliotumia vya kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Hawajasema dawa ndo imesababisha, ila mimi ritachi za kila mwezi, yaani kurudia dawa kwenye mizizi iliyoota, nimeacha kufanya.

"Nywele zangu hazikui." Sasa kama hazikui ritachi unaweka ya nini? Zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi, tatizo zinakatika nchani kwa ukavu na kuchanwa zikiwa kavu.

"Kaza dada, zidumu." Rasta zikikazwa hazidumu ila zinaondoka na nywele za mbele, na zikishakimbia miaka mingi mzizi unakufa, hapo hakuna mafuta yatakayozirudisha. Ukisuka ukaona vipele pembeni ya uso au umeshindwa kulala, achana na panadol, fumua mistari ya mbele usiku huo huo.